Bamia Nilizochumiwa na Mama Mutua

Kijana aliyeajiriwa kuchuma sampuli za mboga akija kuniuliza aanzie wapi, jibu langu la kwanza humchekesha. Namwambia aoshe mikono. Yeye hutarajia nimtajie majina marefu ya kemikali, au nimweleze namna ya kupanga barafu ndani ya yale maboksi ya baridi. Mimi namwambia sabuni na maji, tena kabla hajatoka nyumbani, tena abadilishe shati alilolalia.

Nina sababu. Nilipokuwa mgeni kazini nilipeleka maabara mchicha wa bonde moja karibu na Msambweni, na majibu yakarudi na dawa ambayo mkulima yule hajawahi hata kuiona dukani. Tulimhoji maskini mpaka akaapa kwa jina la mamake. Mzee Mwachiti, aliyenifundisha kazi hii, akanisogelea akaninusa bega kama mbuzi.

"Hamisi, kwako kuna kunguni?"

Nikasema wapo, na asubuhi ile nilikuwa nimepuliza kitanda.

"Basi mwachie mtu wa watu mchicha wake," akasema. "Wanaotafutwa na serikali ni kunguni wako."

Sasa nimestaafu, nakaa Kinondo, magoti yangu hayanitii tena, na nyinyi mnaofanya kazi niliyoifanya ni wa umri wa wanangu. Kunguni ni kosa la kuchekesha, na nimelisimulia mpaka limechakaa. Nililonalo la kuwaeleza hasa ni jingine. Kulikuwa na mama mmoja mkulima ambaye jina lake zuri lilikaribia kupotea, na wajukuu wake wakalishwa kitu ambacho mimi nisingekubali kukila, kwa sababu siku niliyotakiwa kusimama nilikaa kwenye kiti. Nitafika kwake. Lakini hamtaelewa kosa langu kama hamwelewi bamia.

Kazi yenyewe mnaijua, ila wapo watakaosoma haya wasioijua. Mkulima akipuliza dawa ya wadudu, dawa ile haiondoki siku hiyo. Inabaki kwenye jani na kwenye tunda, jua na mvua vinaipunguza polepole. Serikali imeweka kiwango, kwamba mabaki ya dawa fulani kwenye zao fulani yasizidi hapa. Na kila dawa ina siku zake za kusubiri, tangu kupuliza mpaka kuchuma. Mtu wa sampuli anachuma, anafunga, anapeleka, na maabara inapima. Zikizidi, haziuzwi. Zile zinazosafirishwa nje hupimwa tena huko ziendako, na huko hawamjui mtu.

Ukiyasikia hayo ofisini unaona ni mambo mepesi. Kisha nenda shambani ukutane na bamia. Bamia haimsubiri mtu. Ua likianguka leo, tunda liko tayari baada ya siku chache tu, na ukichelewa kidogo limekomaa, limekuwa nyuzi tupu, mnunuzi analitupa chini mbele yako. Kwa hiyo bamia huchumwa leo, kesho unapumzika, kesho kutwa unachuma tena, hivyo hivyo msimu mzima. Sasa mwambie mwenye shamba kwamba dawa aliyouziwa inataka asubiri juma zima bila kuchuma. Atakutazama kama mtu aliyemwambia ng'ombe asikojoe mpaka Ijumaa.

Mimi niliwatazama wakulima kwa miaka mingi wakiwa katikati ya mambo hayo mawili, na sikuwaona kuwa watu wabaya. Kiwango kilikuwa kinasema kweli, na bamia nayo ilikuwa inasema kweli.

Halafu kuna kifuniko. Mkulima wa kwetu hapimi dawa kwa chombo cha kupimia. Anapima kwa kifuniko cha chupa yake. Kifuniko kimoja kwa bomba moja la mgongoni, ndivyo alivyofundishwa na jirani. Lakini chupa ya mwaka jana si ya mwaka huu, na kuna wenye maduka wanaopunguza dawa kutoka chupa kubwa wakaitia kwenye chupa za soda, na kifuniko cha soda nacho ni kitu kingine. Nilimkuta mzee mmoja Kikoneni anapimia kwa kifuniko cha chupa ya mafuta ya nazi ya mkewe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kile cha dawa kilikuwa kidogo mno, kinamchosha. Kwa hiyo, wanangu, mkifika kwa mkulima, kabla ya kutazama shamba ombeni kuoneshwa kifuniko. Na msimcheke. Mkimcheka, safari ijayo atawaonesha kingine.

Mzee Mwachiti alikuwa na namna yake ya kuingia shambani. Haingii pale mwenyewe aliposimama. Anazunguka mpaka pembe ya mbali, halafu anakuja akikata matuta kama mtu aliyelewa, anachuma hapa, anaruka, anachuma pale. "Chuma ile ambayo macho yako hayaitaki," alikuwa akiniambia. "Ile nzuri itajichuma yenyewe." Na alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja kamwe. Hakunywa chai ya mtu kabla ya kufunga mfuko.

Mnajua kwetu kukataa chai ni nini. Ni kumwambia mwenye nyumba kwamba nyumba yake inanuka. Kwa hivyo Mzee Mwachiti alikuwa akiweka mkono kifuani na kusema kwa unyonge, "Mniwie radhi, nimefunga." Wakulima walimwona mcha Mungu wa ajabu, mtu anayefunga sunna karibu mwaka mzima, mpaka siku mmoja wao alipomkuta Ukunda saa mbili asubuhi ana mahamri mkononi na bakuli la mbaazi mbele yake. Hakuona haya. Akamkaribisha.

Nilimuuliza kwa nini anajitia taabu yote hiyo kwa kikombe cha chai.

"Ukishakunywa chai ya mtu umekuwa mgeni," akanijibu. "Na mgeni hawezi kuamka akaenda kupekua matuta ya mwenyeji wake. Ataona aibu. Atakaa aletewe."

Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya mtu mzima aliyeishiwa na meno.

Alipostaafu nikabaki peke yangu na boksi la baridi na pikipiki ya ofisi. Watoto wa vijijini walidhani nauza aiskrimu. Walikuwa wakinikimbilia kwa kelele, nami nafungua kifuniko nawaonesha biringanya, wananizomea. Basi nikaitwa Mzee wa Boksi kuanzia Shimoni mpaka milimani.

Huko milimani, kwenye skimu, ardhi ile waliyogawiwa watu waliotoka bara zamani, ndiko alikokuwa Mama Mutua. Alikuja na wazazi wake kutoka Ukambani akiwa msichana, akaolewa huko huko, akafiwa na mumewe huko huko, na nilipomjua alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa bamia za kupeleka nje. Mwanawe Mutua alifanya kazi Diani hotelini, watoto wa Mutua wakilelewa na nyanya yao. Walikuwa wawili, Mwikali na mdogo wake Musyoka, wakati huo hata shule hawajaanza. Kikundi kilimheshimu mama huyu kwa sababu hakuwa na maneno mengi na hakuwahi kuonekana akimdhulumu mtu.

Mnunuzi alisema hawezi kuchukua bamia za kikundi mpaka ofisi yetu ichukue sampuli kwa mwenyekiti, kwa niaba ya wote. Nilikuwa nimewaambia mkutanoni kwamba bamia zao zitapimwa na watu wa maabara. Kumbe Mama Mutua alikuwa akitarajia watu wa makoti meupe, labda na gari. Aliponiona mimi na pikipiki yangu yenye vumbi hakudhani kwamba kupimwa kwenyewe ndiko huko.

"Hodi!"

"Karibu, karibu Mzee wa Boksi! Habari za huko chini?"

"Huko chini kuzuri. Za hapa?"

"Za hapa ni jua. Kaa. Wewe Mwikali, leta kiti cha babu. Si hicho! Hicho kina mguu mmoja wa uongo."

Jua lilikuwa kali, goti limeanza kunisumbua, na kiti kilikuwa kivulini, ukutani mwa nyumba. Nikakaa. Chai ikaja, chai ya maziwa yenye tangawizi, na viazi vitamu vya kuchemsha. Nikanywa. Tukazungumza habari za mvua, habari za Mutua na mabosi wake wa hoteli. Boksi langu limekaa miguuni kama mbwa.

Halafu ukafika wakati wa kusema nilichokuja kufanya, na hapo ndipo tabia yangu ya pwani iliponiponza. Sheria ilinipa haki ya kusema, "Nimekuja kuchukua sampuli, nionesheni mipaka ya shamba." Lakini mtu umekaa kwenye kiti chake, chai yake iko tumboni, unasemaje maneno makavu kama hayo? Nikanyoosha mfuko nikasema, "Mama, nilikuwa naomba bamia kidogo za kuondoka nazo."

"Kidogo za nini? Nitakujazia!"

Akaupokea mfuko akaondoka. Nilimsikia akifukuza kuku. Ningekuwa nasikiliza ningetambua kwamba sauti ile ilitoka nyuma ya jiko, na shamba la kuuza lilikuwa upande wa pili kabisa, mbele, kuteremka bondeni. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nachagua kiazi.

Aliporudi mfuko umejaa. Bamia fupi nene, na baadhi yake zina tundu dogo la mdudu. Andikeni hili kichwani mwenu, kwa sababu hakuna maabara itakayowaambia: bamia yenye tundu la mdudu haitoki kwenye shamba lililopulizwa wiki ile. Mdudu ni mpimaji aliyetangulia. Mimi niliyaona matundu yale kwa macho yangu, nikafunga mfuko, nikatia sahihi kwamba nimechuma mwenyewe shambani, nikamshukuru, nikawasha pikipiki.

Majibu yalikuja safi. Hakukuonekana mabaki ya dawa hata chembe. Nilifurahi kama mtu ambaye mwanawe amefaulu mtihani. Nikapanda mpaka kwenye banda lao la kukusanyia mavuno, wanachama wote wamekaa juu ya makreti, nikasimama nikawasomea. Wakapiga makofi. Nikasema, kwa sauti yangu mwenyewe, "Atakaye kujua kupuliza dawa vizuri na aende kwa Mama Mutua."

Yeye hakupiga makofi. Aliniuliza, "Hazina kitu? Kabisa kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Na siku zile nilikuwa nimetoka kupuliza," akasema polepole, kama anajisemea.

Nikamsikia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilimsikia, nikalichukua kuwa ni unyenyekevu.

Sasa nitawaambia kitu ambacho sikukijua wakati ule na ambacho wakulima karibu wote walikijua. Mama Mutua alikuwa na bamia za aina mbili. Za mbele zilikuwa za kuuza, ndizo alizozipuliza. Nyuma ya jiko alikuwa na matuta mafupi machache ya kula nyumbani, na hayo hayakuonja dawa hata siku moja. Alikuwa akiyamwagilia maji ya kuoshea vyombo na kuyapiga majivu. Hakuwa peke yake. Tembeeni huko mtaona, nyumba nyingi zina tuta la soko na tuta la sufuria. Mgeni ukimpa kitu cha kwenda kula na watoto wake, utampa cha sufuria. Huwezi kumheshimu mtu ukampa cha dawa. Maafisa wa kila aina walikuwa wamezoea kuondoka kwake na mfuko wa mboga, na mimi nilikuwa nimeomba kama wao.

Basi baada ya pale bandani Mama Mutua akafikiri kama mtu yeyote mwenye akili. Sijui alidhani maabara walikuja lini kuchuma. Labda asubuhi moja alipokuwa ameenda sokoni. Serikali imepima za mbele, imesema hazina kitu, hata zikichumwa kesho yake baada ya dawa. Kwa nini alime mara mbili na mgongo unauma? Akang'oa matuta ya nyuma ya jiko, akapanda mihogo. Tangu siku hiyo Mwikali na Musyoka wakala bamia za mbele. Majirani walioambiwa waende wakajifunze kwake, nao wakaja, wakamuuliza anasubiri siku ngapi baada ya kupuliza. Akawaambia kweli: siku moja, mbili.

Msimu uliofuata nikaja tena kuchuma. Nikakaa tena. Nikaomba tena. Safari hii alipoondoka na mfuko alikwenda mbele, kwa sababu nyuma hakukuwa na kitu. Nikazitazama: nyembamba, ndefu, zinang'aa, hazina hata doa. Nikamsifu.

Majibu yakarudi mabaya. Sitaki kuwatajia namba, nyinyi mnazijua namba. Yalikuwa mabaya kiasi kwamba maabara walirudia kupima wakidhani mashine imekosea.

Mkubwa wangu ofisini alikuwa mama mmoja mkali wa haki, tuliyemwita Madam. Akasema, mtu hawezi kutoka safi kabisa mpaka uchafu huu kwa msimu mmoja. Ama ile ya kwanza ilichezewa, ama hii. Akaingia kwenye gari, nami nyuma yake, tukapanda bandani. Alikuwapo pia Kevo, kijana wa bara aliyekuwa wakala wa mnunuzi, simu mbili mkononi, uso umemkunjamana.

"Mathe, umetuchoma vibaya," Kevo akaanza. "Hiyo mzigo sasa itaenda wapi? Mnunuzi ananipigia kila dakika."

"Mathe ni nani?" Mama Mutua akamuuliza. "Mimi nilikuzaa lini?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa sababu Madam hakucheka. Akauliza, "Mama, zile bamia za kwanza kabisa, zilizopimwa zikawa safi, zilichumwa wapi?"

"Zipi? Hizo sizijui. Mimi sijawahi kuwaona hao watu wa maabara."

"Zile alizochukua Bwana Hamisi."

Nilimwona akigeuza uso taratibu akanitazama. Nikauona uelewa ukimwingia kama maji yanavyoingia kwenye mfereji mkavu. "Kumbe zile," akasema, "ndizo mlizozipima? Zile nilichuma nyuma ya jiko. Ni zetu za kula. Nilidhani anakwenda kupikiwa nyumbani kwake."

Banda zima likavuma. Mtu akasema, "Ametuuza huyu!" Mwingine akasema, "Kumbe ana zake za siri!" Na mimi kichwani mwangu niliona kila kitu kwa mara moja, kiti, chai, kuku, matundu ya mdudu.

Madam akainua mkono. "Afisa wangu ametia sahihi kwamba alichuma mwenyewe, shambani, mbele. Wewe unasema ulichuma wewe, nyuma ya jiko. Kwa hivyo mmoja wenu hasemi kweli. Bwana Hamisi?"

Wanangu, nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu. Sahihi ya uongo ni kosa ambalo linamfukuzisha mtu. Nikatazama viatu vyangu, vilikuwa na vumbi jekundu la kule juu.

Sijui Mama Mutua aliona nini kwangu. Labda aliona mvi. Alingoja, akangoja tena, akanipa nafasi ya kutosha kabisa. Halafu akamwambia Madam, "Basi andika mimi. Mimi ni mtu mzima, nasahau. Huenda nilizichanganya mimi mifuko."

Wakaandika yeye. Kikundi kikasimamishwa kuuza nje, na palepale kabla gari letu halijageuza, wanachama wakachagua mwenyekiti mwingine. Kitu pekee cha maana nilichofanya siku ile ni kumfuata mpaka mlangoni na kumwambia kwa sauti ya chini, "Watoto wasile tena za mbele."

"Nimeshasikia," akasema. Hakunitazama.

Wapo watu wanaoweza kuishi na jambo kama hilo. Nilijaribu. Nilikuwa nakaa mezani, mke wangu anapakua, naona sahani kisha namwona yule mama anavyongoja nijibu. Mke wangu akadhani nina malaria. Nilipomwambia ukweli, akaweka mwiko chini akaniuliza, "Na wewe ulikunywa chai yake?" Kesho yake nikaingia kwa Madam nikamweleza tangu mwanzo, kiti na yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilijua." Nikamuuliza alijuaje. "Mtu anayedanganya hukasirika. Yule mama hakukasirika, alikuhurumia." Akaniondoa kwenye kazi ya sampuli siku hiyo hiyo, akanipeleka stoo kupanga magunia na makreti, na huko ndiko nilikostaafu. Wenzangu wakisema alinionea, mimi husema alinisitiri. Lakini akanipa sharti: twende bandani, niseme mwenyewe, mbele ya watu wale wale.

Tukaenda. Nikasema. Ilinichukua muda, sauti yangu ilikuwa inakatika kama redio yenye betri mbovu. Niliwaambia kwamba Mama Mutua hakubadilisha chochote, kwamba mimi nilikaa kivulini nikachumiwa, na kwamba neno nililowaambia, waende wakajifunze kwake, ndilo lililowafanya wote wapulize vibaya. Madam akawaeleza kuwa usimamishaji hautaondolewa kwa sababu ya maneno yangu, maana bamia zenyewe ni kweli zimezidi kiwango, ila jina la mama huyu limesafishwa na atakayelisema vibaya amseme na yeye Madam.

Kevo ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogea. "Pole, mathe... pole, mama," akasema.

"Angalau mama umelipata," Mama Mutua akamjibu, watu wakacheka, safari hii kwa raha.

Mwenyekiti mpya akasimama akasema anamrudishia Mama Mutua kiti chake. Akakataa. Akasema kiti kina makelele, yeye anataka kuelezwa jinsi ya kulima bila kuharibu. Hapo Madam akachora chini kwa kijiti jinsi ya kugawa shamba vipande, ukipuliza kipande hiki unachuma kile, na za kipande kilichopulizwa unazichuma unazifukia mpaka siku zake ziishe. Inauma kufukia bamia nzuri. Lakini ndivyo wanavyofanya mpaka leo, na dawa wanazotumia ni zile za kusubiri muda mfupi, na mwarobaini pale inapowezekana, na baadaye wakarudi sokoni.

Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa nimesimama pembeni, mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo, nikimngojea Madam. Mama Mutua akanijia. Nikamwambia, "Mama, nakuomba radhi."

"Ya jina nimekusamehe siku ile ile," akasema. "Ningekuwa sijakusamehe ningekuacha ujibu." "Mimi nina swali moja tu. Hawa watoto wamekula zile bamia msimu mzima. Mchana, jioni, na ugali. Wewe umekaa na hao watu wa maabara miaka yote. Niambie, zitawafanya nini?"

Hilo ndilo swali la kazi hii, wanangu, na hakuna aliyenifundisha jibu lake. Ningeweza kumwambia kwamba kiwango kinawekwa chini sana makusudi, kwamba kukivuka si sawa na kunywa sumu, kwamba watoto wengi wamekula zaidi na wako salama. Ni kweli yote hayo. Lakini kiwango ni cha watu wote kwa pamoja. Hakimjui Mwikali. Hakimjui Musyoka. Nilikuwa nimeshamwambia mama huyu "kabisa" mara moja, bila kujua, akaniamini.

"Sijui, mama," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. "Haya," akasema. "Sasa angalau tunajua kwamba hatujui." Akaenda kuungana na wenzake waliokuwa wakipima vipande kwa hatua.

Mwikali sasa ni msichana mkubwa, anasoma Msambweni, na Musyoka anamfuata. Wana afya, kwa kadiri macho yangu yanavyoona. Ninapokutana nao njiani huniamkia vizuri, shikamoo babu, nami nawaitikia marahaba, kisha nawatazama muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili. Wanacheka, wanasukumana kwa mabega, wanadhani mzee macho yamekwisha. Hawajui ninachokitafuta usoni mwao, nami sijapata moyo wa kuwaambia.